Watu wa Leo, na Kwao Ni Wapi

Mkurugenzi hakunilazimisha. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilipenda kusimulia kwamba nilisukumwa, na watu wa rika langu hapa Lubumbashi walinikubalia upesi, maana kila mmoja wao alikuwa na jambo lake la kusema alisukumwa. Aliniita ofisini asubuhi, akanimiminia chai yenye ndimu, akaulizia kifua changu, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa mali ya kituo. Kisha akasema, "Dona, ile emisyo yako ya asubuhi bantu banaipenda sana. Kuanzia wiki yenye inakuya, kisha kusema jina ya muntu, utasema na kwao. Kwao ni wapi. Ni ile tu." Nikamuuliza kwa nini. "Bantu banauliza. Si politiki, hapana. Ni renseignement, habari tu. Hatutukane muntu, tunasema tu kwao." Ningeweza kukataa. Redio yetu ilikuwa ndogo, haipo tena siku hizi, na asubuhi hapakuwa na mtangazaji mwingine wa Kiswahili: mwenzangu alikuwa amehamia Kinshasa, na mkurugenzi mwenyewe alishikwa na kigugumizi kila alipokaribia mikrofoni. Angekasirika, angenuna, na kipindi kingeendelea kama kilivyokuwa. Nilimaliza chai yangu nikasema, "Ni bien, Patron." Nilikubali kama mtu anavyokubali kikombe cha pili, kwa adabu tu, na kwa sababu nilitaka anipende.

Sasa nimepita sitini, naishi mtaa wa Hewa Bora, na wala nisingeyaandika haya kama si msichana aliyepiga hodi langoni kwangu wiki chache zilizopita, koti jeupe la wanafunzi wa udaktari amelikunja mkononi. "Papa Dona?" Nikasema, "Njo miye." "Miye ni mutoto ya Célestin Mukendi. Ninasoma ku université, ku Kasapa. Nilikuya kukuambia, Papa alikufa." Aliyasema akiwa bado amesimama, kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali na hataki kuyamwaga kabla ya kufika. Nilimletea kiti, nikamletea chai, nikamuuliza jina lake ingawa nilikwisha kulijua, maana pua ilikuwa ile ile, na kile kikombe alikishika kwa mikono miwili kama mwenye pua ile wa kwanza alivyokuwa akikishika. "Kapinga," akasema. "Sawa na nkambo wangu." Nkambo, hapa kwetu, ndiye mama wa baba au wa mama. Wa huyu binti nilimfahamu sana. Alinilisha mwaka mzima.

Mwaka ule nchi bado iliitwa Zaïre na mkoa wetu Shaba. Nilikuwa nimepanga chumba katika kiwanja cha Mama Kapinga huko Kenya, namaanisha komini yetu yenye soko kubwa, si nchi. Kilikuwa chumba cha nyuma, cha matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, na dirisha lake dogo lilitazama jiko la nje. Chochote kilichosemwa karibu na mbabula, lile jiko la makaa, nilikisikia nikiwa nimelala kitandani: nani amezaa, nani amekataliwa mahari, mchele gani una mawe. Mama Kapinga alikuwa amestaafu ukunga katika hospitali ya kampuni ya migodi. Nusu ya barabara yetu ilipita mikononi mwake, na hakuwa mtu wa kuiacha isahau. Vijana wakubwa wenye ndevu, wakimkuta sokoni, waliinamisha vichwa kwa sababu aliwasalimia kwa namna walivyoingia duniani. "Weye, uliingia na usingizi. Nilikupiga makofi mpaka mukono ikaniuma." Watu walicheka, na kijana alicheka pia, maana afanye nini. Jirani yake mkubwa alikuwa Mama Mwape, mwanamke wa kabila la Walamba, mwenyeji wa mkoa wetu, pande za Sakania, mnene, mwenye sauti ya chini. Kati ya viwanja vyao palikuwa na ua wa miti uliofumuka sehemu moja, na kupitia upenyo ule walipitishiana chumvi, makaa, watoto na maneno. Hakuna aliyewahi kuuziba.

Célestin alikuwa mwanawe wa mwisho, mwalimu wa sekondari katika nyakati ambazo walimu walifundisha bila mshahara, kwa kuwa walikwisha kuzoea. Tulilingana umri. Jioni tulikula sahani moja, bidia ya Mama Kapinga, bukari, yaani ugali, ya watu wa Kasai inayochanganya unga wa mahindi na wa muhogo, laini, yenye kuvutika kidogo, na matembele, na ndakala, visamaki vikavu, waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Siku nilizochelewa Célestin alinisubiri, na mama yake alimfokea kwa ajili yangu na kunifokea kwa ajili yake. "Kula, muan'anyi," aliniambia kwa Kiluba cha kwao, mwanangu. "Muntu wa sauti asikule, sauti itatoka fasi gani?" Mimi nilikuwa na sauti, na Célestin alikuwa na watu. Yeye ndiye aliyebuni kipindi chetu, ingawa jina lake halikutajwa hewani hata mara moja, na mimi sikuwahi kupendekeza litajwe.

Kipindi kiliitwa *Watu wa Leo*. Kila asubuhi, kabla ya habari, nilisoma majina ya watu waliounganishwa na tarehe tu. Huyu alizaliwa siku kama ya leo, yule alikufa siku kama ya leo, mwingine siku kama hii alifanya jambo ambalo mji haukuwa umeliona. Célestin hakutaka wafalme wala marais. Alitaka wakubwa wetu, wale ambao ukubwa wao ulianzia relini na kuishia sokoni. Asubuhi moja alinipa kipa mzee aliyedaka penalti akiwa na kidole kilichovunjika. Fundi wa kuyeyusha shaba aliyepiga kinanda kwenye misa kwa mikono yenye makovu ya moto. Na mwanamke wa kwanza kuendesha lori la mahindi mpaka Kasumbalesa, tena kwa suruali, hata wanaume wakashuka kwenye baiskeli zao wamtazame. Watatu hao hawakuwahi kupeana mkono. Kalenda ndiyo iliyowakalisha pamoja. Célestin aliwapata kilioni, kwenye misiba, ambako wazee husimulia maisha ya marehemu kwa mpangilio, na aliketi upande wa wanawake kwa sababu alisema wanaume wanakumbuka magomvi na wanawake wanakumbuka siku. Hawakumwambia tarehe. Walimwambia mtakatifu: alizaliwa siku ya Anna, alikufa kesho yake Ignasi. Wazazi wengi wa zamani walichukua jina la mtoto kwenye kalenda ya mapadre, na sasa majina ya ubatizo yaliyokuwa yamepigwa marufuku na serikali yalikuwa yamerudi kitambo kidogo tu. Watu walifurahi kusikia redio ikitamka Ignasi na Anna bila kuogopa. Mtu aliyetajwa, kama yu hai, alijua atakachokipata siku hiyo: majirani wangemvamia na ndoo za maji na unga wa ngano, wammwagie na kumpaka mpaka awe mweupe kama mzimu, ndiyo bonne fête yetu. Wengine walilalamika kwamba tunawaharibia nguo. Hakuna aliyeomba tusimtaje.

Jioni ya siku ile nilipokubali, nilimweleza Célestin tukiwa mezani. Aliacha tonge likapoa vidoleni. "Na ukaitika?"

"Ni kwao tu, Célé. Iko hata ku kitambulisho."

"Ku kitambulisho, polisi njo anasoma. Weye unasomea avenue muzima."

"Unaogopa nini? Mama yako kila muntu anamujua."

"Njo ile inaniogopesha," akasema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kunitesa, aliongeza kwa mzaha kwamba nikifika kwa mtakatifu Petro mwenyewe nitamuuliza kwao. Tulicheka. Mama Kapinga aliuliza kutoka jikoni tunacheka nini, na sisi wote wawili tukasema, hapana Mama, bure tu.

Nataka vijana wanielewe. Watu walijua. Hakuna barabara Lubumbashi ambako jirani hajui jirani yake anatoka wapi. Jina lenyewe linasema. Lakini kuna kujua kwa nyumbani, kule kunakokaa pamoja na kujua kwamba fulani anakoroma na fulani alizaliwa nje ya ndoa, na kuna kujua kunakotangazwa. Wakubwa walikuwa tayari wanahutubia viwanjani kwamba watu wa Kasai, mkoa ulio kaskazini-magharibi mwetu, kama jamaa ya Mama Kapinga, ambao baba zao waliletwa kufanya kazi ya reli na migodi, wamekula sana na sasa warudi. Katika hotuba zile walipewa jina la wadudu, ambalo sitaliandika. Kutoka Likasi na Kolwezi zilikuja habari za nyumba kuchomwa. Kwetu hapa ilikuwa kimya zaidi, na watu wa Lubumbashi mpaka leo wanajivunia ukimya ule. Mimi nilikuwa sehemu yake. Kila asubuhi, kwa sauti nzuri, kati ya muziki na habari, nilisema: kwao ni Pweto, kwao ni Kasenga, kwao ni Kasai. Siku niliyorudia yule kipa, tuliporudisha kipindi chake kwa maombi ya wasikilizaji, nilikaa baada ya kazi kwenye baa moja ya Kamalondo, na mwanamume wa meza ya pili akapaza sauti: "Kumbe ule kipa ni wa kule! Njo maana mipira ilikuwa inamupita, alikuwa anaangalia upande ya kwao!" Baa nzima ilicheka. Nilijua hakuna mpira uliompita siku ya kidole kilichovunjika. Nilicheka nao. Yule bwana alinitambua kwa kicheko changu, akasema, "Eh, si njo ule wa radio!" akaninunulia bia, nami nikainywa.

Célestin aliendelea kuniandikia. Nilipomuuliza kwa nini haachi, alisema, "Nikiacha, utaandika weye, na utabakosea bote siku." Lakini mahali pa kwao alipaacha wazi, kila karatasi, na mimi nilipajaza kwa kalamu yangu njiani. Hatukulizungumzia. Tulikula sahani moja, tukazungumzia mpira, na niliona kwamba amekuwa akila upande wake tu, bila kuvuka katikati, kama wageni wanavyokula.

Tangu Januari alikuwa amemwekea mama yake siku. Mama Kapinga alizaliwa sikukuu ya Petro na Paulo, ambao ndio wasimamizi wa kanisa kuu letu, akabatizwa Paulina. Alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yake ndiye aliyefika na reli. Kasai alikuwa hajakanyaga. Alikijua Kiluba kwa nyimbo za kubembelezea watoto na kwa matusi. Juni ilipofika, na baridi yake inayofanya watu waamke na moshi, nilimsikia kupitia dirisha langu akimwambia Mama Mwape, "Kesho ikipita, kesho kutwa njo siku yangu. Batoto bangu batanisoma. Nitafungua radio kwa nguvu, usikie na masikio yako yote." Mama Mwape akajibu, "Miye nitakumwagia maji ya barafu, uone." "Jaribu. Nilikuzalisha batoto batano, nitakurudishia bote ndani." Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, baada ya chakula, Célestin alinifuata mpaka mlangoni pa chumba changu.

"Soma kazi yake. Kuzaliwa, kazi, batoto alizalisha. Kwao, uache."

"Nitaacha."

"Dona."

"Célé, nimesema nitaacha."

Alinitazama, akanigonga begani mara moja, akaenda. Hakuniapisha. Ningeapa, na sidhani ingebadilisha kitu, lakini mpaka leo nakumbuka kwamba aliona neno langu linatosha.

Asubuhi mkurugenzi alikuwa nyuma ya kioo cha studio, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, amevaa sweta. Kabla sijaingia alikuwa ameniambia kwamba kuanzia Julai nitasoma habari za saa sita mchana, zile za watu wazima, zile zinazoibeba sauti ya mtu mpaka Kinshasa. Nilisoma wa kwanza, fundi mwashi aliyejenga nusu ya makanisa ya mji, na kwao. Nilisoma wa pili, kinyozi aliyekuwa akinyoa wacheza ndondi, na kwao. Nikafika kwa Mama Kapinga. Célestin alikuwa ameandika vizuri kuliko siku zote. Nilisoma kuzaliwa kwake, hospitali, usiku wa mvua ambapo alizalisha wanawake wawili kwa mkono mmoja kila upande. Nilifika mwisho. Mkurugenzi aliinua kidole nyuma ya kioo, polepole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo lililosahauliwa. Sikuteleza, na ulimi haukunitangulia. Nilikuwa na muda wa kutosha kuvuta pumzi, niliivuta, nikasema: "Kwao ni Kasai." Sikujua hata kijiji, maana sikuwahi kumuuliza. Nilitaja nchi nzima ya watu kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuiona.

Nilirudi nyumbani adhuhuri. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mistari mistari. Mama Kapinga alikuwa ameweka sufuria kubwa ya wali na kuku wawili, na viti vilivyoazimwa, na juu ya libaya, blauzi yake nzuri, alikuwa amejifunga kikwembe, kitenge kikuukuu, ili unga na maji yasiiharibu. Alikaa kwenye kiti cha katikati, miguu peku, akingoja kuvamiwa. Watu walipita barabarani. Niliwaona wakipita kwa mwendo wa watu wanaowahi mahali. Mmoja alisalimia bila kugeuza shingo. Mchana ukasogea, wali ukaota ukoko, nzi wakaja. Hatimaye Mama Mwape alipita pale kwenye upenyo wa ua, bila wimbo, bila ndoo, na kikombe kimoja cha maji. Alimmwagia rafiki yake kichwani taratibu, kama padre anayebatiza. "Bonne fête, Mama Célé. Bengine beko na baridi leo." Mama Kapinga aliangua kicheko, maji yakimtiririka usoni, na kicheko kikageuka katikati yake, na wanawake wawili wale wakashikana. Baadaye alinipakulia chakula, mimi wa kwanza. "Ulisoma muzuri, muan'anyi," akasema. "Sauti haikutetemeka." Nimeigeuza sentensi hiyo kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini na bado sijui aliisemaje. Célestin alitoka ndani, hakunitazama, akamwambia mama yake, "Mamu, unipatie sahani yangu." Mama aliichukua sahani nyingine, akaifuta kwa ncha ya kikwembe muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akampa.

Vijana walikuja siku chache baadaye, watatu, mchana kweupe, kwa adabu. Walipiga hodi. Aliyewaongoza alikuwa Féli, mtoto wa nyumba ya pembeni, na alivua kofia. "Mama, tulisikia ku radio kwenu ni wapi. Tunakuya tu kuuliza, mutaenda lini?" Mimi nilikuwa chumbani kwangu, nyuma ya dirisha dogo. Mama Kapinga alikuwa anachambua mchele, na hakuuweka chini ule ungo. "Féli," akasema, "weye ulitanguliza miguu. Mama yako alikuwa amesema akufe yeye, weye ubakie. Nikamuambia, hakuna mwenye atakufa hapa. Unakumbuka?" Mmoja wa vijana alicheka kwa pua. Féli aliizungusha kofia mikononi. "Ndiyo, Mama. Banansimuliaka." Akangoja kidogo. "Mais, mutaenda lini?" Mama Kapinga aliinua macho, na nilimwona akitafuta usoni mwa yule kijana mtu aliyemfahamu. Célestin alitokea mlangoni. Mimi sikutoka. Kila mtu wa barabara ile aliijua sauti yangu. Ningetoka tu, ningesema neno moja kwa sauti ile ile iliyokuwa imesema neno jingine, na pengine wangerudi kwao wenyewe kwa aibu. Nilikaa kitandani mpaka nikawasikia wakiondoka.

Mama Kapinga na Célestin walikwenda stesheni baada ya juma lile. Ufunguo waliuacha kwa Mama Mwape. Stesheni ilikuwa imejaa watu wa Kasai waliolala chini ya turubai na mashuka, kati ya magodoro, mashine za kushonea na masufuria, wakingojea treni ambazo hazikuja, na zilipokuja zilikuwa mabehewa ya mizigo. Mama Mwape alinituma na chungu cha matembele, maana miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimkuta Mama Kapinga nyuma ya kikwembe kilichoshikiliwa na wanawake wanne, alikuwa anazalisha. Nilimsikia akisema kwa ile sauti yake ya kazi, kali na ya karibu, "Sukuma sasa, sukuma, usinitazame miye, tazama yulu." Nilisimama na chungu. Célestin akaja, akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kwa sababu kilikuwa cha Mama Mwape. "Rudi, Dona," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Hapa si kwenu." Nilirudi. Sikungoja mtoto alie. Kesho yake, katika habari za saa sita mchana, nilisoma kwamba wasafiri wanaendelea kuondoka kwa hiari yao.

Yote hayo nilimwambia yule binti, Kapinga mdogo, siku aliyokuja Hewa Bora. Sikujua kama nitayasema, na nusu ya kwanza ya chai nilizungumza juu ya masomo yake na baridi ya Kasapa. Ni alipouliza, "Mulikuwa marafiki, sivyo?" ndipo nilipoanza, na sikuacha kitu, hata bia ya Kamalondo. Alisikiliza kama madaktari wanavyosikiliza, bila kunisaidia. Nilipomaliza nilimuuliza nkambo wake aliishi miaka mingapi kule, kwa kuwa siku zote nilikuwa nimejichorea picha yake kule Mbujimayi, Kasai, mzee, amekaa barazani, anawatukana wakwe kwa Kiluba. Alinitazama kwa mshangao. "Hakufika, Papa. Alikufia mu treni. Balimuzika kandokando ya reli, treni iliposimama, halafu ikaondoka. Papa hakujua hata ni siku gani. Mu ile wagon hakuna mwenye alikuwa anahesabu siku tena. Kila mwaka alikuwa anaweka misa, kila mwaka siku ingine, anasema, moja itakuwa ya kweli." Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba. Baadaye, kwa sababu nilihitaji kitu, niliuliza kama baba yake alinitaja.

"Alituambia byote," akasema. "Ile kwao ni Kasai, alikuwa anaifanya na sauti yako, mezani. Alijua kuiga sana. Kisha anaacha kula."

"Basi ulijua kila kitu."

"Nilikuya kuona kama utasema weye mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa umesema." Alikunja koti lake jeupe, akashukuru kwa chai, akaniita Papa kama anavyopaswa kumwita mtu wa umri wangu. Nilimwomba aje Jumapili tule pamoja. Alisema ataona. Jumapili zimepita, nami nimepika kila mara, na hajaja, na sidhani ana sababu ya kuja.

Habari za saa sita mchana nilizisoma miaka michache, kisha mkurugenzi akahama, kituo kikafungwa, na sauti ikaharibiwa na sigara. Hayo hayakuwa gharama ya nilichofanya. Nilioa, nikafiwa, nilikuwa na wenzangu wa kazi na wa kanisa, na hakuna hata mmoja niliyekula naye sahani moja. Nilisema neno nililoweza kutolisema, na kwa sababu hiyo Mama Kapinga alifukuzwa katika mji aliozaliwa, akafia njiani na kuzikwa mahali pasipo jina. Célestin, ndugu pekee niliyewahi kumchagua, aliishi maisha yake yote yaliyobaki bila kunitumia neno, na sasa amekufa, na hakuna aliye hai ambaye ningeweza kumwomba anisamehe.